Mwenye Kutaka Jukwaa Asomee Wapi

Siku moja ya soko hapa Miti, katika Kabare ya Kivu, miaka michache iliyopita, lilikuja kundi la watu wa teatre kutoka Bukavu, wakiwa na ngoma moja, viti viwili, na kitenge walichokitundika kati ya nguzo mbili za kibanda kiwe pazia, wakaanza kuonyesha mchezo wa mume aliyeuza shamba la mkewe kwa siri. Kijana aliyecheza mume alikuwa na sauti nzuri, na bila shaka alikuwa amefundishwa, maana kila alipotaka tujue kwamba dhamiri inamsuta alijikuna kichwa, akageuka pembeni, akashusha pumzi ndefu iliyosikika hata kwa wauza samaki wa sambaza waliokuwa mbali. Watu walicheka kwa adabu. Ndipo mama mmoja muuza unga wa muhogo, aliyeketi juu ya gunia karibu kabisa na wachezaji, akasema kwa sauti, nusu Kimashi nusu Kiswahili, maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, mwanamume aliyeuza shamba hajikuni kichwa. Akiingia nyumbani huuliza kama maharage yameiva."

Mchezo ukasimama. Yule kijana, na ni haki asifiwe kwa hili, hakuona haya wala hakukasirika; alirudi nyuma ya kitenge, akaingia upya, akavua kofia, akaketi, akaelekeza macho mahali ambapo pangekuwa na chungu, akauliza kwa sauti ya kila siku kama maharage yameiva. Soko likanyamaza. Karibu nami alikuwapo mwanamke aliyeinamisha uso, akikaza fundo la kitenge chake ambalo halikuwa limelegea.

Kisa hiki kilinirejea hivi karibuni, mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye amekwisha pata diploma yake ya Taifa na ambaye tangu utotoni amekuwa akiwaigiza shangazi zake mpaka wenyewe wakajitambua, alipokuja kwangu jioni na bahasha ya karatasi alizochapisha mjini Bukavu, akazitandaza mezani, akaniambia, "Mjomba, nataka kusomea teatre. Mama amekataa, baba amenyamaza. Niambie wewe nichague chuo kipi." Katika karatasi zile alikuwa amepiga mistari chini ya mambo matatu, jina la shahada, kiasi cha ada, na sifa za majengo. Nilizisoma zote taratibu, kwa kuwa azma ya kijana ya kuyatoa maisha yake kwa sanaa si jambo la kujibiwa kwa pupa, na kadiri nilivyozisoma ndivyo nilivyozidi kuona kwamba swali lililo kubwa kuliko yote halikuandikwa popote: chuo hiki kitamsimamisha binti huyu mbele ya nani, na kitamtaka aseme kwa lugha gani?

Rai yangu, naitoa mapema ili msomaji asihangaike kuitafuta, ni kwamba chuo cha uigizaji huchaguliwa kwa hadhira yake kwanza, na kwa shahada yake baadaye.

Ama kukataa kwa dada yangu, sina ujasiri wa kumlaumu. Mzazi wa Kabare aliyelipa karo kwa kuuza ndizi, maharage na pombe ya ndizi, yaani kasiksi, mwaka baada ya mwaka, ana haki ya kutaka mwanawe awe daktari au wakili, na Bukavu haikosi vyuo vikuu vya fani hizo. Lakini namwomba azingatie kuwa katika Kivu yetu watu wa maigizo wamefanya kazi ya dhahiri kwa muda mrefu: wameingia katika vipindi vya redio, na Radio Maendeleo ya Bukavu ilianza kusikika hewani katika miaka ya 1990, wamezunguka vijijini pamoja na shirika la Search for Common Ground wakionyesha michezo ya kushirikisha, ambamo mtazamaji huitwa uwanjani aubadilishe mwenyewe mwenendo wa kisa, na mwezi wa Mei 2015, mwelekezi Mswisi Milo Rau alipoandaa mjini Bukavu ile aliyoiita Mahakama ya Kongo, walisimama mbele ya umma mashahidi wa kweli na mawakili wa kweli, wakasema hadharani juu ya migodi na mauaji, chini ya kivuli cha mchezo, maneno ambayo wengi walikuwa wakinong'onezana tu. Ujira wa kazi hii ni haba, wala sikanushi. Hata hivyo mtu aliyeuona uso wa yule mwanamke wa sokoni hawezi kusema kuwa kazi yenyewe haipo.

Karatasi ya kwanza mezani ilikuwa ya Kinshasa. Chuo cha Taifa cha Sanaa, ambacho sote twakiita INA, kilianzishwa mwaka 1967 kikiwa shule ya muziki na maigizo, na hadi leo ndicho chenye jina kuu nchini kwa mtu anayetaka kusoma uigizaji mpaka shahada. Na kwa utaratibu mpya ulioanza katika mwaka wa masomo wa 2021-2022, shahada ya kwanza huchukua miaka 3, hali zamani mtu alisoma miaka 3 ya graduat kisha 2 ya licence. Shahada yake inatambuliwa na Serikali bila mjadala, na Kinshasa ina makundi ya maigizo, televisheni, na wachezaji wakongwe ambao kijana hujifunza kwao kwa kuwatazama tu. Faida hizi si ndogo. Lakini Kinshasa iko mbali nasi kwa takriban kilometa 1,500 za anga, wala hakuna barabara ya kuaminika ya kutufikisha. Na tangu Februari 2025, vita vilipofika Kavumu kisha Bukavu, uwanja wetu wa ndege, ambao kutoka hapa Miti ni mwendo mfupi tu, umekoma kuwa mlango wa msafiri wa kawaida. Fauka ya hayo, darasani ni Kifaransa, na nje ya darasa ni Kilingala. Binti wa Miti atajifunza kulia kwa Kifaransa na kuchekesha kwa Kilingala, na atakaporudi, kama atarudi, itambidi aanze upya kujifunza jinsi mama yake anavyonyamaza.

Nasema hivi bila chuki na Kifaransa, lugha niliyosomeshwa nayo na ambayo imenifungulia vitabu vingi. Lakini mwigizaji hatumii lugha kama karani aitumiavyo. Karani akikosa neno hutafuta jingine. Mwigizaji hutafuta pumzi iliyo chini ya neno, mahali ambapo msemaji husita, silabi anayoivuta akiomba na anayoikata akikasirika, na mambo hayo hayamo katika kamusi yoyote. Yamo katika masikio ya mtu tangu alipobebwa mgongoni.

Ushahidi wa haya tunao katika nchi yetu wenyewe, na huwa nasikitika kwamba vijana wetu hawauelezwi. Kule Lubumbashi, kwa miongo mingi, kulikuwa na kundi lililoitwa Mufwankolo, kwa jina la jukwaani la kiongozi wake, ambalo lilicheza kwa Kiswahili cha mji ule, Kiswahili cha migodini na cha uani, katika redio na baadaye katika televisheni, likapendwa na watu kama watu wapendavyo jamaa zao. Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian aliwauliza maana ya msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, nao hawakumpa jibu la maneno, wakamtungia mchezo; na kitabu alichokitoa mwaka 1990 juu ya jambo hilo chaonyesha walivyofanya kazi: hawakuwa na maandiko ya kukariri, waliketi, wakajadiliana maana ya ule msemo, kila mmoja akaeleza alivyoona kwao, wakapanga matukio, wakajaribu, wakabishana, wakajaribu tena, hata mchezo ukapata umbo. Hicho nakiita chuo. Hakikuwa na geti wala rejista, lakini mafunzo yake yalikuwa makali, kwa kuwa mwalimu alikuwa ni mtu wa mtaani ambaye, akisikia neno la uongo, huzima redio.

Kadhalika Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o alipitia Makerere, na akiwa huko tamthilia yake ndefu ya kwanza ikaonyeshwa katika Jumba la Taifa la Maigizo la Kampala mwaka 1962, akaenda Leeds, akarudi akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Elimu ya namna gani tena angeitaka? Lakini mwaka 1977, yeye na Ngũgĩ wa Mirii walipoandika mchezo kwa Kigikuyu pamoja na wakulima na vibarua wa Kamiriithu, karibu na Limuru, wanakijiji hao, ambao wengi hawakuwa na elimu ya darasani, walimsahihisha profesa: mzee hasemi hivi, mtumishi haketi hivi mbele ya tajiri, wimbo huu hauimbwi katika hali hii. Wakajenga wenyewe uwanja wa maonyesho usio na paa, na watu wakaja kwa wingi kutoka mbali. Serikali ikauzuia mchezo mwezi Novemba mwaka uleule, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa kizuizini. Alikuwa ameandika kwa Kiingereza miaka 15 na zaidi bila kufungwa.

Sasa nije kwenye karatasi ya pili, ya Tanzania, ambayo nakiri moyo wangu ulielemea kwake tangu mwanzo. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam sanaa za maonyesho zinafundishwa tangu miaka ya 1960, na kizazi cha kwanza cha walimu na wanafunzi wake ndicho kilichokipa Kiswahili tamthilia zake zinazosomwa hata leo: Ebrahim Hussein akatoa Kinjeketile mwaka 1969, Penina Muhando akatoa Hatia mwaka 1972, na pamoja nao alikuwapo Amandina Lihamba, mchezaji, mwelekezi na mwalimu kwa wakati mmoja. Walimu wa idara hiyo hawakuridhika kubaki chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na vijana, wakatengeneza michezo kutokana na mambo yaliyokuwa yakiwasumbua wanakijiji wenyewe. Na mwaka 1996 wakaanzisha mpango wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari hutumia maigizo kusema yale wasiyoweza kuyasema wakiitwa ofisini. Nilipomsimulia mpwa wangu habari za Tuseme aliacha kunywa chai.

Tena iko Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa pale mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kwa kifupi TaSUBa. Mwanafunzi wa Bagamoyo hafundishwi kusema tu: hupiga ngoma, hucheza, huimba, hujifunza sarakasi na maigizo, na kila mwaka mji huo wa pwani huwa na tamasha ambalo watu wa kawaida hufika, wavuvi na wachuuzi na watoto, watu ambao mchezo ukiwachosha huondoka bila kuaga. Kwa kijana aliyekulia huku kwetu katika nchi ya Bushi, ambako lulanga, ile ala ya nyuzi, hupigwa, na msimulizi wa migani, yaani hadithi zetu, huimba, huigiza na kunena pasipo kuzitenga kazi hizi, mafunzo ya namna hiyo yako karibu zaidi na nyumbani kuliko darasa lenye kuweka sauti chumba hiki na mwili chumba kile.

Insafu yanilazimu niseme na upande wa pili. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mihadhara hutolewa kwa Kiingereza, ijapokuwa jukwaani Kiswahili ndicho bwana, na binti aliyesomeshwa kwa Kifaransa atapata taabu ya mwaka mzima kabla hajaweza kuandika insha. Cheti cha nchi nyingine kitahitaji kulinganishwa na cha kwetu kabla ya kumpatia kazi ya Serikali, na ijapokuwa Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, makaratasi hayatembei kwa wepesi wa matangazo ya wakubwa. Na iko hatari moja ambayo naiogopa kuliko hizo. Kiswahili cha Bagamoyo ni kitamu, nami nakipenda kiasi kwamba mtu anayesoma maandishi yangu atadhani nimezaliwa mtaa wa Pangani. Lakini si Kiswahili cha soko la Miti. Sisi hapa tukimsikia mtu anasema Kiswahili bora, kama tukiitavyo, twamheshimu na kumpisha njia, na mwigizaji anayepishwa njia amekwisha ikosa hadhira yake. Kwa hiyo aendaye pwani na aende kama mtu aendaye kwa mjomba: ale, ajifunze, ashukuru, na asisahau lafudhi ya kwao.

Karatasi ya tatu ilikuwa ya Ulaya, na sikukaa nayo sana. Zipo shule adhimu kule, na kijana aliyekwisha iva anaweza kupata humo mengi. Kwa kijana mbichi naona ni kumpeleka akajifunze kuigiza watu asiowajua mbele ya watu wasiomjua.

Asije mtu akadhani kwamba nasema chuo hakina haja, kwa kuwa soko latosha. Hasha. Siku ile ya muuza unga, mvua ilianza kunyesha kabla ya mchezo kwisha, na mvua ya Miti juu ya mabati ya vibanda haimwachii mtu nafasi ya kusema. Wachezaji watatu wakapaza sauti mpaka zikakwaruza, na mmoja tu, msichana mwembamba aliyecheza mke, akaendelea kusikika, bila kupiga kelele, kwa sababu alijua kuitoa pumzi chini ya mbavu na kuzikata konsonanti zake sawasawa. Hilo halipatikani kwa kipaji pekee. Kadhalika kuna elimu ya kuisoma tamthilia na kuona inapopinda, ya taa, ya mavazi, ya kuuongoza mwili usiumie, ya kuandika hesabu za kundi ili fedha ya onyesho isigeuke ugomvi. Na makundi mengi ya Bukavu niliyoyaona yakivunjika hayakuvunjwa na ubaya wa michezo yao, yalivunjwa na daftari la fedha ambalo halikuwapo. Chuo kinachofundisha haya ni chuo cha kutafutwa hata kwa safari ndefu. Faustin Linyekula, aliyekulia Kisangani, alikwenda Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati vyuo vikuu vya Zaire vilipokuwa vimefungwa, akajifunza, akacheza huko na kwingineko, kisha akarudi nchini mwaka 2001 na kuanzisha Studios Kabako, ambayo baadaye aliihamishia Kisangani kwao, mahali ambapo vijana wa mji ule wapata leo mafunzo ambayo yeye aliyakosa.

Basi nilimshauri mpwa wangu akunje zile karatasi, aandike barua tatu, moja Kinshasa, moja Dar es Salaam na moja Bagamoyo, na asiulize habari za majengo. Aulize hivi: mwaka uliopita wanafunzi wenu walicheza mara ngapi mbele ya watu ambao hawakuwa wanafunzi wala walimu? Walicheza wapi, na kwa lugha zipi? Anayefundisha sauti, yeye mwenyewe hupanda jukwaani, au aliacha zamani? Na waliomaliza miaka mitano iliyopita, wako wapi sasa? Makerere iliweza kujibu maswali kama haya tangu mwaka 1965, pale kundi lake la kuzunguka lilipoanza kupeleka michezo mijini na vijijini bila kiingilio, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi. Na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mfano huo katika miaka ya 1970. Kwa nini chuo cha leo kishindwe?

Aliziandika kwa mkono wake, akazisoma kwa sauti mbele ya mama yake, na dada yangu, ambaye hajakubali bado, alimsahihisha mahali pawili ambapo heshima ilipungua. Jibu moja limekwisha fika, nalo ni orodha ya ada pamoja na picha ya jengo. Mengine mawili tunayangoja.

Asubuhi ya soko lililofuata nilimtuma anunue unga, akakawia, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya yule mama wa gunia, kikapu kitupu mkononi, naye akimuuliza, "Mama, ulisema mwanamume aliyeuza shamba akiingia huuliza kama maharage yameiva. Na mkewe, ambaye amekwisha ambiwa na jirani, hujibu nini?" Yule mama alilitua kopo la kupimia, akajifuta unga kwenye viganja, akainuka ili amwonyeshe.